Mwaka wa Dawa ya Njano

Bi Habiba alifariki Jumanne na akazikwa siku hiyo hiyo. Mimi nilipata habari Jumatano nikiwa Hola, kwa hivyo mazishi yalinipita, nikasema angalau hitma nitaiwahi. Asubuhi ya safari sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilivaa kanzu, nikavua, nikavaa shati, nikarudia kanzu, mpaka mke wangu Salima akaniuliza kama nakwenda kwenye hitma au nakwenda kuposa. Kulikuwa na jambo moja nililotaka kumwambia Bi Habiba kwa miaka ishirini na sita, na kila nilipokutana naye nilipata sababu ya kuliacha: ana wageni, miguu yamuuma, ana haraka na maziwa yake, leo ni Idi. Sasa yeye alikuwa ameondoka na mimi bado nilikuwa nalo. Nilihuzunika, sikatai, lakini zaidi nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe.

Hitma ilisomwa Garsen nyumbani kwa mjukuu wake Godana, upande wa soko la ng'ombe. Wanaume walikaa chini ya turubai na wanawake uani. Nilipopita karibu na uani, mwanamke mmoja wa makamo, mpwa wa marehemu, alininyooshea kidole akiwaambia wenzake. "Hii ndio ile daktari," akasema. "Ile nadunga mtoto yake na dawa ya ngombe. Kesho yake ugonjwa yote natoka kwa ngozi, mtoto napona." Wenzake wakanitazama kwa heshima ambayo sijaizoea hata nyumbani kwangu. Mmoja akaniuliza kama dawa ile bado ipo. Nikacheka kijinga, nikasema siku hizi nakaa ofisini, sishiki sindano. Nikaenda kukaa chini ya turubai karibu na nguzo, na msahafu ulipofunguliwa nilijikuta nimesoma ukurasa mzima bila kujua nimesoma nini.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nauza dawa za mifugo hapo hapo Garsen, katika duka la mtu wa Malindi aliyekuja kulitazama mara moja kwa mwezi, na watu wa maeneo yale, hasa Waorma wenye ng'ombe, waliniita daktari kwa sababu nilijua kupima homa ya ndama na kudunga sindano bila kurusharusha mkono. Nyuma ya duka palikuwa na chumba changu: kitanda, chandarua chenye viraka, jiko la makaa, na dirisha lililotazama kichaka cha mathenge ambako mbu walishinda mchana kutwa wakingoja zamu yao. Katika chumba hicho niliishi na binti yangu Fatuma. Salima alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu mtoto alipotimiza mwaka na miezi mitatu, na tulikuwa tumepatana kwamba mama yake Salima aliyeko Kau angemlea. Halafu mto ukafurika, njia ya Kau ikamezwa na maji, na hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kubeba mtoto mchanga katika mkondo ule. Nikamwambia Salima nenda chuoni, maji yatapungua wiki mbili tatu, mimi nitamshika. Maji yalipopungua Fatuma alikuwa ameshanizoea mimi na duka, na kila nilipotaja Kau nilijiona kama ninayemfukuza. Kwa hivyo alikaa.

Alijifunzia kutembea kati ya madumu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilikuwa nimepanga vitu vya hatari juu na vitu visivyo na madhara chini, na yeye siku nzima alipanga upya vya chini. Asubuhi nilimpikia uji wa mchele, mchana ndizi mbichi za kuchemsha na kipande cha kambare nilichokichambua miiba mpaka kikabaki makombo, na mchuzi wake nilikula mimi. Barazani mbele ya duka walikaa wanawake wa Kiorma waliouza maziwa, kwa kuwa paa letu lilitoa kivuli kirefu kuliko mapaa mengine ya mtaa ule. Bi Habiba ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa mrefu, mkavu, na alizungumza na mimi akitazama barabara, kama mtu anayesema na mwingine. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumfunga Fatuma mgongoni. Wateja walicheka kumwona daktari amebeba mtoto kwa leso akipima dawa ya minyoo, na Bi Habiba aliwakaripia kwa Kiorma, na sikuhitaji kuelewa maneno yake ili nijue yalikuwa makali.

Homa ilianza siku ya Jumamosi. Fatuma aliamka mzito, akakataa uji, akanilalia begani na pumzi yake ikanichoma shingo. Nilifanya nilichokijua. Nilichukua kipimajoto cha dukani, kile ambacho hakijawahi kupimia mtu, nikakiosha mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na dawa, nikamwekea kwapani. Kilisoma thelathini na tisa na kidogo. Nikashusha pumzi. Nataka nieleze vizuri kwa nini nilishusha pumzi, kwa sababu hata leo ninaona haya. Ndama mzima, anayecheza na kunyonya, joto lake ni hilo hilo. Kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa nasoma kipimajoto kwa hesabu ya ng'ombe, na jicho langu lilipoona tisa likasema hakuna neno. Nilimfunga mgongoni, nikamvisha na sweta juu, nikafungua duka. Mpaka adhuhuri, kichwa chake kilipokuwa kikinigonga mgongoni kwa ulegevu, ndipo nilipokumbuka kuwa mwanangu si ndama.

Nilifunga duka mbele ya wateja na nikaenda zahanati nusu nikikimbia. Nesi aliyekuwapo aliitwa Kadzo, Mgiriama mnene mwenye sauti ya kumaliza maneno. Alimvua sweta kwanza bila kuniuliza lolote. Alimtoboa kidole, akaangalia damu, akamtazama masikio, koo, akamkunja shingo taratibu. "Baba Fatuma, mwanao hana malaria," akasema. "Masikio safi, kifua safi. Hivi ni virusi. Mpe hii panadol ya maji kama nilivyoandika, mvue nguo, mpanguse kwa maji ya vuguvugu, na umpe cha kunywa kila saa hata kama ni vijiko viwili. Itakaa siku tatu, labda nne. Sasa nisikize. Akishikwa na degedege, akilala asiamshike, akikataa kabisa kunywa, au shingo ikikauka, usikae kunitafutia maneno, mlete mbio. La sivyo, subiri."

Nikamuuliza sindano iko wapi. Akaniambia hakuna sindano ya virusi hivi. Nikamuuliza basi mimi nifanye nini. Akanitazama. "Nimekwambia. Subiri."

Neno lile lilinikera kuliko homa yenyewe. Kazi yangu yote ilikuwa kinyume chake. Mtu alinijia na ng'ombe aliyelala chini, nikavuta dawa, nikadunga, akaniaga, na kama ng'ombe aliamka sifa ilikuwa yangu na kama alikufa ilikuwa ni Mungu. Hakuna aliyewahi kunilipa ili nikae nimtazame ng'ombe wake. Nilirudi na chupa ya panadol mfukoni nikijiona nimetumwa dukani nikarudi mikono mitupu, na tangu hapo sikutulia. Nilimpangusa Fatuma kwa kitambaa, nikatoka barazani, nikarudi, nikampima, nikaandika namba ukutani kwa penseli. Panadol ilipomwingia, homa ilishuka na akaomba ndizi na akaenda kuvuruga makopo yake, nami nikaanza kucheka peke yangu. Baada ya muda wa saa tano ilipanda tena na akawa mtu mwingine, macho yamemlegea, mikono imeng'ang'ania shati langu. Jumapili ilikuwa siku ya Salima kupiga simu kwenye kibanda cha jirani. Nilikwenda na mtoto mgongoni, na mtoto huyo akinipumulia moto nilimwambia mama yake kwamba hajambo, anakula, anakusalimu. Salima alikuwa na mtihani wiki ile. Nilijua nikitamka neno homa angepanda gari jioni hiyo hiyo na chuo kingekuwa kimekwisha, na baadaye tungeishi miaka thelathini mimi nikijua ni mimi niliyemrudisha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine ni kuwa sikutaka asikie kwamba nimeshindwa.

Jumatatu, siku ya tatu, baraza lote lilikuwa limekwishajua. Kila mwanamke alikuwa na lake. Mmoja alitaka apakwe samli mwili mzima, mwingine aogeshwe majani ya muarubaini, wa tatu alisema ni surua na mtoto afunikwe blanketi asiguswe na upepo. Bi Habiba aliwaacha wenzake wamalize. Kisha akasema, akitazama barabara, "Wewe, Daktari. Kila siku nadunga ndama ya watu, nasimama. Mtoto yako mwenyewe nalala, wewe nangalia tu. Dawa yako ni ya watu peke yake?"

Nilimwambia dawa ile ni ya ng'ombe. "Homa ni homa," akasema. Wenzake wakaitikia kwa kugonga ndimi.

Sikukasirika naye wakati ule na sikasiriki sasa. Alisema tu kile nilichokuwa nakizunguka tangu Jumamosi. Ile dawa ya njano, ambayo kila mfugaji aliijua kwa rangi yake na wengi hawakujua jina lake, ilikuwa kwenye rafu ya juu, kama hatua tano kutoka kitandani. Nilijua kwamba ng'ombe wana homa yao ya siku tatu, ambayo humlaza fahali mzima chini na siku ya nne akanyanyuka mwenyewe akaenda malishoni. Nilijua kabisa kwamba hata hiyo sisi huidunga, na kwamba tukiidunga au tusipoidunga ng'ombe huamka. Nilikuwa nalijua hilo na halikunisaidia chochote. Saa nane mchana, jua limekaza na baraza limelala, nilishusha mlango wa duka nusu. Nilimweka Fatuma kati ya magoti yangu kama ninavyomshika mbuzi, nikavuta kiasi kidogo nilichokibuni kichwani, nikamdunga pajani. Alilia kilio kifupi cha kushangaa. Alinitazama usoni kuona kama ni mimi kweli.

Na papo hapo nilitulia. Nalisema hili kwa sababu nimelifikiria sana. Dawa haikuwa imepata hata muda wa kufika kwenye damu yake, lakini moyo wangu ulikuwa umeshapoa, nikaweza kukaa kitini, nikanywa maji, nikapika. Sindano ile niliyomdunga mtoto ilinitibu mimi.

Kulipopambazuka Jumanne Fatuma alikuwa baridi. Alikaa kitandani akiita makopo yake. Nilifungua dirisha ili nimtazame vizuri, na hapo nikaona vipele. Vilikuwa vidogo, vya rangi ya waridi, vimejaa kifuani na mgongoni na vimepanda shingoni hadi nyuma ya masikio. Nilijua ng'ombe aliyekataliwa na dawa anavyovimba ngozi kabla hajaanguka, na nikajua nimemuua mtoto wangu kwa mkono wangu. Sikumfunga mgongoni, nilimbeba mikononi, na nilikimbia njia nzima nikipita katikati ya madimbwi, pekupeku, huku yeye akifurahia mbio na kunipiga kifuani ili niongeze.

Nesi Kadzo alibonyeza kipele kimoja kwa kidole, kikafifia, akaachia, kikarudi. "Homa imetoka lini?" Alfajiri. "Basi imekwisha. Vipele hivi hutoka homa ikishaondoka. Hata haviwashi, wamwona mwenyewe anacheza. Siku mbili vitapotea." Nilikaa chini sakafuni. Ndipo alipomgeuza mtoto na kuona paja limevimba, na akauliza umempa nini, nikasema panadol, akaweka kidole juu ya uvimbe akauliza na hapa. Nikamwambia. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alifunga mlango wa chumba kile akasema polepole, "Leo angepona hata ungemdunga maji ya mto. Angepona hata usingemfanya kitu. Ungeweza kumuua, Baba Fatuma, na ungetuambia sisi ni homa." Akanikabidhi mtoto wangu. Uvimbe ulikaa pajani mwezi mzima, na Salima alipokuja likizo na kusikia hadithi barazani hakunisemesha kwa wiki mbili.

Maana hadithi ilikuwa imeshaanza kabla sijarudi kutoka zahanati. Wanawake walimpokea Fatuma, wakamvua shati, wakapiga vigelegele walipoona vipele. Bi Habiba alizungusha kiganja chake juu ya mgongo wa mtoto bila kumgusa. "Naona?" akawaambia. "Ugonjwa ilikuwa ndani. Dawa nafukuza, nje yote." Mimi nilisimama pale. Nilikuwa nimetoka kuambiwa ukweli na mtu aliyeusomea, nilikuwa nao mdomoni, na sentensi moja ingetosha. Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama na ng'ombe wao wakisikiliza, na Bi Habiba kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama mimi na si barabara. Nikanyamaza. Nikatabasamu, hata.

Haikupita wiki kabla mama wa kwanza hajaja na mtoto mwenye homa. Nilimwambia dawa ile si ya watoto. Akacheka, akauliza yako ni mtoto wa nini basi. Nilibishana naye mpaka nikachoka. Aliyefuata alitoka mbali, upande wa Chewele, na nilipomkatalia akadhani nimemkataa yeye na watu wake, akaondoka akilalamika kwa sauti mtaa mzima usikie. Wa tatu nilimwambia imekwisha. Ajabu ni jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi. Hakubisha, hakununa, alinishukuru na akaenda zake, na nilisikia baadaye kuwa alikwenda zahanati. Nikaona nimepata ufumbuzi. Nikahamisha chupa za njano nyuma ya pazia la chumbani, na kila aliyeleta mtoto nilimwambia imekwisha, mpole kabisa, nikijiona nimewaokoa watoto wa watu bila kujivunjia jina.

Bi Habiba alinijia siku ya soko, saa za asubuhi. Hakuwa na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amembeba Godana, mjukuu wake wa miaka miwili ambaye alimlea tangu mama yake afariki, na nilimjua mtoto huyo vizuri, kwa kuwa alikuwa akigombania makopo na Fatuma chini ya kaunta. Alikuwa moto na macho ameyafumba kwa sababu ya mwanga. Duka lilikuwa limejaa watu wa ng'ombe. Nilimgusa paji la uso, nikasema, kwa mazoea, "Imekwisha, Mama."

"Nakuja lini?"

"Lori likija. Kesho, labda kesho kutwa."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema atalala kwa dada yake hapa hapa mjini angoje. Nikageukia mteja mwingine.

Nimezipitia dakika zile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wale wengine niliowaambia imekwisha hawakuwa wakinijua, kwa hivyo walikwenda kwingine. Bi Habiba aliniamini, na aliyekuamini ukimwambia lori linakuja atalingoja. Na nilikuwa nayo yote kichwani, maneno ya Nesi Kadzo moja baada ya jingine: akilala asiamshike, akikataa kunywa, shingo ikikauka. Niliyajua kwa moyo. Nilimwona mtoto akikwepa mwanga na nilikuwa mtu wa dawa, na nilichompa bibi yake kilikuwa ratiba ya lori.

Alingoja siku mbili. Siku ya pili mchana alirudi akitembea haraka bila viatu, na nilipompokea mtoto shingo yake ilikuwa ngumu na mwili wote umejipinda nyuma. Niliruka kaunta na kukimbia naye kwa njia ile ile niliyokimbilia na Fatuma, na safari hii mtoto niliyembeba hakufurahia chochote. Walimpa dawa pale na kumpeleka Malindi siku hiyo hiyo. Homa ya uti wa mgongo, walisema. Bi Habiba alikaa naye hospitali mwezi na nusu. Alipona. Waliporudi, Godana alikuja moja kwa moja chini ya kaunta na kuanza kugombania makopo, na Fatuma akaangusha dumu zima nyuma yake, kishindo kilichowashtua mpaka watu wa barabarani, na Godana hakugeuka.

Bi Habiba hakunilaumu hata siku moja. Alimlaumu dereva. Aliporudi kuuza maziwa aliniletea kibuyu cha kwanza na kuniambia, "Gari nachelewa, Daktari. Wewe nafanya nini?" Kwa miaka yote aliyobaki nayo alisimulia hivyo: dawa ilikuwa njiani, lori likachelewa. Nilipata kazi ya serikali Hola mwaka uliofuata na nikahama. Salima alimaliza chuo. Fatuma amekua, ana watoto wake, na mtoto wake akipata homa hunipigia simu nami humwambia mpeleke hospitali sasa hivi, na hanielewi kwa nini nafoka.

Haya yote yalikuwa yakinizunguka kichwani chini ya turubai wakati wengine wakisoma. Dua ya kwanza ilipokwisha watu wakaanza kunyoosha miguu, na Godana mwenyewe akatoka ndani na birika kubwa. Ni mtu mzima sasa, fundi wa pikipiki, mwenye mke na duka lake, mrefu kama bibi yake. Wanasema huweka kiganja juu ya injini na kujua ugonjwa wake. Aliponiona aliweka birika chini, akaja kunikumbatia, akakaa kando yangu akatoa simu. Hivyo ndivyo anavyozungumza na sisi tusiojua ishara: huandika, anakupa simu, unaandika, unamrudishia. Aliandika, "Asante kuja Daktari. Bibi alikuwa anakutaja sana."

Nilikosea herufi mara tatu. Kisha nikaandika, "Siku bibi yako alipokuleta kwangu dawa haikuwa imekwisha. Ilikuwa chumbani. Nilimdanganya. Hakukuwa na lori." Nikampa kabla sijabadili nia.

Alisoma. Alinitazama, akasoma tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, hata kwa kofi. Aliandika kitu kimoja kifupi na kunigeuzia kioo bila kuniachia simu.

"Ungenidunga ningekuwa nasikia?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu mpaka waliokaa karibu wakanigeukia. Nikamwomba simu kwa mkono. Hakutaka kuiachia, kisha akaiachia. Ndipo nilipoandika ile nusu nyingine, ambayo nilikuwa nayo tangu siku vipele vya Fatuma vilipotoka, na ambayo sikuwahi kumwambia mtu, hata Salima. "Hapana. Ile dawa isingekusaidia. Hata Fatuma haikumponya, homa yake ilikwisha yenyewe. Ningemwambia bibi yako hivyo, angekupeleka hospitali siku ile ile, na pengine ungesikia. Sikumwambia kwa sababu niliona haya."

Alisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza alizima simu, akaitia mfukoni, akasimama. Alichukua birika lake na kuanza upande wa pili wa turubai, kwa wazee, akimimina chai na kuinama kwa kila mmoja. Alizunguka mkeka mzima bila haraka. Alipofika kwangu nilinyoosha kikombe. Alinitazama machoni, akapita, akamimina cha mtu aliyenifuata.

Nilikaa nacho hivyo hivyo mkononi mpaka dua ya mwisho ikaisha.